Shajara ya leseni Chiang Mai: kadi ya gari, kadi ya pikipiki

Agosti 2022: nilipo sasa

Lengo ni leseni mbili za Thailand, ya gari na ya pikipiki, kabla muhula wa pili haujaanza Novemba. Nasema mbili kwa sababu hapa kila aina ina kadi yake, na kadi ya gari haina kazi yoyote ukiwa juu ya pikipiki. Hata uwe umeendesha trela kutoka Mombasa hadi Malaba nusu ya maisha yako, ukisimamishwa Chiang Mai kwenye skuta bila kadi ya pikipiki, wewe huna leseni.

Nilicho nacho: leseni ya Kenya, ile kadi ya kisasa ya NTSA, mamlaka yetu ya usafiri, daraja B la gari peke yake. Kibali cha kimataifa cha AA ya Kenya, chama cha wenye magari, ambacho ni cha mwaka mmoja na mwaka wenyewe unayoyoma. Pasipoti yenye viza ya kazi, Non-B, na kitabu cha kibali cha kazi, maana nafundisha Kiingereza shule ya sekondari. Leseni yetu imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo gharama ya mtafsiri nimeiepuka. Wenzetu wa Kongo na Burundi, ambao zao ni za Kifaransa, huanza kwanza na tafsiri iliyothibitishwa.

Upande wa gari, basi, ni kubadilisha tu: leseni yangu ya Kenya inanisamehe mtihani wa maandishi na wa uwanjani. Upande wa pikipiki ni kuanza moja. Daraja A la pikipiki sina, na kibali cha kimataifa hakiwezi kunipa nisichokuwa nacho nyumbani.

Na pikipiki ndiyo yenyewe. Yale magari mekundu ya abiria yanazunguka mji kutwa, lakini yanakwenda kwa kufuata abiria waliomo, na jioni yanapungua. Mwalimu anayetakiwa getini saa moja na nusu asubuhi anapanda skuta. Kuikodi ni rahisi mno: mwenye duka anatazama pasipoti, anapokea amana, anakukabidhi ufunguo. Habari za leseni hataki kuzijua. Atakayezitaka ni mtu wa bima, tena baadaye, ukiwa umelazwa. Nimeisoma bima ya afya tuliyopewa kazini kipengele kwa kipengele: ukiumia kwenye chombo ambacho huna leseni nacho, hawalipi. Ipo bima ya lazima inayokwenda pamoja na kodi ya kila mwaka ya pikipiki, Wathai huiita por ror bor, lakini kiwango chake cha matibabu ni kidogo na mfupa uliovunjika vibaya unakimaliza upesi.

Sitii chumvi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilikadiria kwamba Thailand hufa watu 32.7 barabarani kwa kila wakazi 100,000, na karibu robo tatu ya wanaokufa wamo kwenye pikipiki au vyombo vya magurudumu matatu. Kenya kwenye ripoti hiyohiyo ilikuwa 27.8, nasi hujiona tumezidi kwa ajali.

Septemba 5 sheria mpya ya trafiki inaanza kutumika. Kupanda pikipiki bila helmeti, faini inaweza kufika bati 2,000, bati ndiyo fedha ya hapa. Kupita taa nyekundu au kutosimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, hadi 4,000. Hiyo ya kivuko ina historia ya karibu: Januari mwaka huu daktari mmoja aligongwa na kufa akivuka kwenye pundamilia katikati ya Bangkok, na aliyemgonga alikuwa polisi juu ya pikipiki kubwa. Nchi nzima ilichemka.

Septemba 2022: makazi

Mwanzoni nilidhani mradi huu ni wa udereva. Kumbe kwa sehemu kubwa ni mradi wa kuthibitisha unalala wapi.

Ofisi ya Idara ya Uchukuzi wa Nchi Kavu, ambayo hapa mjini watu huiita khonsong tu, iko barabara ya kwenda Hang Dong, kusini mwa mji. Orodha yao ya karatasi si ndefu: pasipoti na nakala za ukurasa wa picha, wa viza na wa muhuri wa kuingia, cheti cha daktari, leseni ya nyumbani, na ushahidi wa anwani. Ushahidi wa anwani una njia mbili kwa mtu kama mimi. Kibali cha kazi, kama anwani iliyomo ndiyo unayoishi. Kama siyo, hati ya makazi kutoka uhamiaji, au barua ya ubalozi wako. Ubalozi wa Kenya uko Bangkok, mwendo wa usiku kucha kwa treni, kwa hiyo nikaelekeza macho uhamiaji.

Nilihama nyumba mwezi Juni. Kibali cha kazi kina anwani ya zamani.

Uhamiaji nao hawatoi hati ya makazi mpaka waone kwamba mwenye nyumba wako ametoa taarifa kuwa anakaa na mgeni. Fomu hiyo ni TM30. Sheria ya uhamiaji ya 1979 inamtaka mwenye nyumba aitoe ndani ya saa 24 tangu mgeni aingie. Mahoteli huifanya kila siku. Mama mwenye nyumba aliyestaafu, mwenye vyumba vyake vitatu nyuma ya uwanja wa embe, hana habari nayo.

Huyo ndiye mwenye nyumba wangu. Namwita Pa, kama mtu anavyomwita shangazi mkubwa, naye ananiita Khru, mwalimu. Nilimpelekea ndizi za kukaanga nikamweleza kwa Kithai changu cha kuokoteza.

"Khru, umefanya kosa gani?" akaniuliza. Kwake yeye neno uhamiaji na polisi ni nyumba moja, na kwa kweli ndivyo lilivyo, maana uhamiaji wa Thailand ni idara ya polisi.

"Sijafanya lolote, Pa. Nataka leseni."

"Leseni ya pikipiki unaombea kwa polisi wa mipaka?"

Sikuwa na jibu. Mwisho mpwa wake alikuja Jumapili na simu, akajaza fomu kwenye tovuti, akapiga picha hati ya nyumba ya bluu ambayo kila kaya ya Kithai inayo, akaipakia. Pa akakaa pembeni akisoma kila neno kabla ya kumruhusu mpwa abonyeze. Nilimheshimu kwa hilo. Nikiwa na nyumba yangu Kisauni na mtu akaniambia nimwandikishe mpangaji kwa polisi, ningesoma mara mbili zaidi.

Jambo la kukumbuka kwa atakayekuja nyuma yangu: omba hati mbili za makazi, siyo moja. Ya gari inabaki kwenye faili la gari, ya pikipiki inataka yake. Vivyo hivyo cheti cha daktari. Na nakala za pasipoti zitie saini kila ukurasa kwa wino wa bluu.

Mwisho wa Septemba: daktari

Kliniki ya mtaani, bati zisizofika hata bei ya chakula cha watu wawili. Nesi akanipima presha, uzito na urefu. Daktari akaniuliza kama nina kifafa, akanitazama mikono na miguu, akasaini. Fomu inataka athibitishe kwamba sina ukoma, sina kifua kikuu cha kuambukiza, si mlevi wa kupindukia, situmii dawa za kulevya, wala sina matende yaliyofikia hatua ya kuchukiza jamii. Mtu wa pwani hawezi kusoma hilo la matende bila kuwakumbuka wazee wa vijijini. Macho hayakupimwa kabisa. Hiyo ni kazi ya khonsong.

Cheti kinakaa mwezi mmoja tu, kwa hiyo usikitangulize kabla ya hati ya makazi kutoka.

Miadi nimeichukua kwa programu ya simu ya idara, DLT Smart Queue. Nafasi za Oktoba zinakwenda haraka kwa sababu shule zimefungwa, na Oktoba yenyewe ina sikukuu za taifa tarehe 13 na 23, ofisi zote zinafungwa.

Oktoba 2022: gari

Nimeipata. Bati 205, kadi ya muda ya miaka miwili, inachapishwa hapohapo wakati bado unajitengeneza kola baada ya picha.

Kilichonichukulia muda ni mashine. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuziona, ziko nne, na zote hupitiwa katika chumba kimoja huku foleni nzima ikikutazama.

Ya kwanza ni rangi. Ofisa anagusa alama kwenye ubao, wewe unataja: nyekundu, njano, kijani. Niliwasikia walionitangulia wakijibu kwa Kithai nikaiga: daeng, lueang, khiao. Ofisa akacheka, akaendelea kugusa kwa kasi zaidi.

Ya pili inapima pembe za macho. Unaweka kidevu kwenye kishikio, unatazama mbele, na taa ndogo inawaka pembeni, kushoto au kulia. Unataja rangi yake bila kugeuza shingo. Wengi hugeuza bila kujua.

Ya tatu ndiyo inayowaangusha watu. Ni kisanduku chenye fimbo mbili, umekaa mbali nacho, na unapewa kidude chenye vitufe viwili. Fimbo moja imetulia, nyingine inasogea mbele na nyuma, kazi yako ni kuzilinganisha ziwe sambamba. Mzee mmoja Mjerumani alikuwa anaelekeza kichwa huku na huku kama anayenyoosha uzi wa fundi. Siri, kama kuna siri, ni kuisogeza fimbo ipite kidogo kisha kuirudisha, maana jicho hukamata tofauti vizuri zaidi kitu kikiwa kinaenda.

Ya nne ni breki. Kanyaga mafuta, taa ya kijani inawaka. Ikigeuka nyekundu, hamishia mguu kwenye breki upesi. Hiyo inapita kama kupiga chafya.

Leseni ya Kenya waliitazama mbele na nyuma, wakaipiga nakala, basi. Kuendesha hawakunitaka niendeshe. Kwa mtu aliyetoka Kenya, Uganda au Tanzania hakuna tatizo kubwa, tunaendesha kushoto kama wao. Lakini Mrundi au Mnyarwanda aliyezoea kulia angepewa kadi hiyohiyo kwa mashine hizohizo, akatoka nje na kuukuta mzunguko wake wa kwanza wa kushoto peke yake.

Oktoba 2022: pikipiki, sehemu ya darasani

Hapa nimeandamana na dada mmoja wa Tanga, anafundisha shule ya jirani. Yeye hana leseni kokote duniani, kwa hiyo ilimbidi aanze na mafunzo ya saa 5: video ya sheria, video ya adabu, video ya ajali ambazo hawafichi damu. Alitoka amenyauka.

"Kaka, nimeona maiti nyingi leo kuliko maisha yangu yote."

"Na bado unataka kupanda?"

"Nitapanda. Ila helmeti yangu ya buku mbili naitupa."

Mtihani ni kwenye kompyuta, maswali 50, na ili ufaulu unatakiwa upate 45. Asilimia 90 si mchezo kwa swali lenye majibu manne ambayo mawili yanafanana. Unachagua lugha mwanzoni, Kiingereza kipo. Kimepinda hapa na pale, na dawa yake ni kufanya majaribio ya mazoezi mengi mpaka uzoee namna wanavyouliza, siyo kujua sheria peke yake.

Yanayopaswa kukaa kichwani, nayaandika kama nilivyoyabandika mlangoni mwa jokofu. Usiegeshe ndani ya mita 3 za kivuko cha miguu au za bomba la zimamoto, mita 10 za makutano, mita 15 za reli. Toa indiketa mita 30 kabla ya kukata kona. Ndani ya mita 30 kabla ya kivuko au makutano, usipite gari la mbele. Ukingo wa barabara uliopakwa nyekundu na nyeupe: usisimame kabisa. Njano na nyeupe: simama kushusha au kupakia tu. Kukata kushoto taa ikiwa nyekundu kunaruhusiwa penye kibao kinachosema hivyo, na hapo pia anayevuka kwa miguu anapita kwanza.

Kuna jambo halimo kwenye maswali na linahitajika zaidi ya hayo. Dereva wa Kithai akikuwashia taa kubwa, anakuambia napita mimi, usiingie. Kwetu anayekuwashia taa mara nyingi anakuachia njia, au anakuonya polisi wako mbele. Mkenya mwenzangu mmoja aliinua mkono wa shukrani na kuingia barabarani; gari likamkosa kwa upana wa kioo cha pembeni.

Mimi nilipita. Dada wa Tanga alipata 43, akaambiwa arudi siku nyingine. Aliporudi alipata 48 na akanitumia picha ya skrini kabla hata hajatoka chumbani.

Nilimsimulia jinsi tulivyopimwa sisi Kenya: unasimama mbele ya ubao wa mji wa mfano, mtahini anakupa kigari cha kuchezea, anakuambia toka sokoni nenda hospitali, na wewe unakisukuma kwa kidole ukitaja kila alama. Alicheka mpaka watu wakageuka. Lakini kile kigari kilinifundisha mzunguko wa barabara kuliko picha zote za kwenye skrini, na nyuma ya ubao ule kulikuwa na mtahini aliyepanda gari nami hadi barabarani.

Oktoba 2022: pikipiki, ubao

Uwanja wa mtihani uko ndani ya ua wa ofisi. Unakuja na chombo chako au unakodi kwa watu waliojipanga kando. Nilikuja na skuta ya kukodi niliyoizoea, Honda Click, na nadhani huo ndio uamuzi bora wa mradi mzima, kwa sababu ya kitu kinachoitwa ubao.

Ubao ni njia nyembamba iliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini, yenye nafasi ya kama kiganja na nusu kila upande wa gurudumu, urefu wake mita kama 15. Lazima upite juu yake bila kushuka na bila kuweka mguu chini. Na huruhusiwi kuukimbilia: unatakiwa utumie sekunde 10 au zaidi. Hapo ndipo hila inapokwisha. Mtu yeyote anaweza kunyoosha pikipiki ikiwa kasi. Kuinyoosha ikitambaa ni kazi nyingine, na skuta isiyo na klachi inataka kurukaruka kila ukigusa mafuta.

Dawa niliyopewa na fundi pikipiki wa karibu na shule, na naipitisha bure: shika mafuta kidogo usiyaachie, kisha punguza mwendo kwa breki ya nyuma peke yake. Breki ya mbele usiiguse. Macho yaende mwisho wa ubao, kwenye mti au ukuta, siyo kwenye gurudumu. Magoti yabane. Nilifanya mazoezi jioni kwenye mstari mweupe wa maegesho ya shule, walinzi wakihesabu sekunde kwa sauti: nueng, song, sam.

Mengine ni mepesi. Kuzunguka koni bila kuangusha. Kufuata alama: simama penye alama ya kusimama, weka mguu chini, angalia kulia na kushoto, ondoka. Kwenye pundamilia ya uwanjani hakuna mtu anayevuka, lakini usiposimama umefeli. Kijana mmoja mbele yangu, anayeonekana amezaliwa juu ya pikipiki, alipita ubao kwa ufundi wa kupendeza kisha akaipita pundamilia kama haipo. Mtahini hata hakupaza sauti. Alifanya alama moja kwenye karatasi.

Baada ya yote, mawazo yangu: ubao ni kipimo cha haki. Anayeweza kutambaa anaweza kupita katikati ya msongamano bila kumgusa mtu. Kisichopimwa ni barabara. Hakuna aliyeniona nikiingia barabara kuu ya njia tatu, nikigeuza katikati ya magari kwenye zile sehemu za kugeuzia zilizoachwa kati ya pande mbili, wala nikiendesha usiku wa mvua. Kwa nchi ambayo pikipiki ndizo zinazoua, kuishia ndani ya ua naona ni kufanya nusu ya kazi.

Bati 105. Kadi ya pili mfukoni.

Desemba 2022: Pai

Baridi ya kaskazini imeingia, hewa safi kabla ya moshi wa Februari. Barabara namba 1095 kwenda mji wa Pai inasifiwa kwa kona zake 762, na idadi hiyo imechapishwa kwenye fulana na vibandiko kila duka. Sikuzihesabu. Niliziona nyingi zikiwa na wageni waliofungwa bendeji magotini wakiwa wamekaa kando, skuta zimelala.

Kizuizi cha polisi kilikuwepo. Ofisa alisalimu, akataka leseni, nikampa ya pikipiki. Akaitazama mbele, akaigeuza, akasoma jina langu polepole. Nyuma yangu walisimamishwa vijana wawili wenye kibali cha kimataifa, wakapelekwa mezani: kibali kilikuwa na muhuri wa gari tu. Hawakuelewa kwa nini.

Dada wa Tanga alikuwa nyuma yangu kwa skuta yake, akiwa na helmeti mpya inayofunika uso mzima.

"Kaka, yule hata hakuniuliza kama ni yangu."

"Picha si yako?"

"Kwenye picha nimekasirika kwa ajili ya ile 43."

Januari 2023: pointi

Dondoo fupi. Kuanzia Januari 9 kila mwenye leseni ana pointi 12. Makosa yanazikata, na zikifika sifuri leseni inasimamishwa siku 90. Kwa sisi wenye kadi ya muda kuna jambo lingine wengi hawalijui: kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwetu ni miligramu 20 kwa mililita 100 za damu, siyo 50 kama wenye kadi ya miaka mitano. Kwangu halinihusu, lakini nimemwambia kila mwalimu mpya anayeniuliza habari za bia moja baada ya kazi.

Oktoba 2024: kutoka miaka miwili kwenda mitano

Kadi zote mbili zinaisha mwezi huu. Nilichukua miadi mapema, nikapata hati mpya za makazi mbili bila tabu kwa sababu TM30 ya Pa bado iko hai, nikapanga kila kitu kwenye bahasha ya plastiki. Kisha Mto Ping ukafurika. Mwanzoni mwa Oktoba maji yalipanda hadi kuvunja rekodi, soko la Warorot na mitaa ya kando ya mto ikawa ziwa. Nyumba ya Pa iko juu kidogo, maji yaliishia kwenye uwanja wa embe. Tulibeba majokofu ya majirani siku nzima. Miadi ikapita.

Leseni iliyoisha muda haiharibiki siku ya pili. Ikiwa haijapita mwaka mmoja tangu iishe, unaibadilisha bila mtihani wowote wa maandishi wala wa uwanja. Ikipita mwaka, maandishi yanarudi; ikipita miaka mitatu, na uwanja pia. Lakini barabarani kadi iliyoisha imeisha, kwa hiyo kwa muda huo nilitembea na kupanda gari jekundu.

Nilipofika, maji yamekauka na tope bado liko kwenye vizingiti, ofisi ilikuwa imejaa watu wenye hadithi ileile. Mashine zilezile nne. Ile ya fimbo wameibadilisha kwa mpya isiyo na kelele, na ofisa wa rangi bado anacheka ukijibu kwa Kithai. Mafunzo sikutakiwa, hayo ya saa moja kwa njia ya mtandao ni ya wale wanaotoka kadi ya miaka mitano kwenda nyingine ya mitano. Cheti cha daktari kipya, nakala zilizosainiwa kwa bluu, kadi za zamani zinabaki kwao.

Gari bati 505, pikipiki 255. Tarehe ya mwisho imewekwa siku yangu ya kuzaliwa, ndivyo wanavyofanya kwenye kadi za miaka mitano, kwa hiyo ukipanga vizuri unaweza kupata miezi ya ziada.

Novemba 2024: yaliyobaki

Dada wa Tanga anataka twende Laos likizo ya Aprili, Luang Prabang. Nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini Mashariki mwa Asia, zilikubaliana tangu 1985 kutambua leseni za ndani za kila mmoja, kwa hiyo kadi ya Thailand inatosha, na kibali cha kimataifa hatuhitaji. Shida ni mbili. Skuta za kukodi za Chiang Mai haziruhusiwi na wenyewe kuvuka mpaka, kwa hiyo tutakodi upande wa pili. Na Laos wanaendesha kulia. Nimemwambia tuanze na mazoezi kwenye maegesho ya shule, tukizunguka koni upande usio wetu, kabla ya kulipa chochote.

Bahasha ya plastiki nimempa yeye leo. Kadi yake inaisha wiki ijayo, naye pia amehama nyumba.